Picha ya Jela Si Hukumu: Kumtafuta Ndugu Aliyekamatwa Texas

Hotuba kwa familia zinazozungumza Kiswahili za Fort Worth na Dallas, imeandikwa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wetu, mama zangu, kaka na dada, na ninyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango, nawashukuru kwa kuja.

Mimi ni mkalimani wa mahakama. Si wakili, na kwa kesi yako mwenyewe lazima umwone wakili. Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo limezifikia nyumba nyingi za hapa. Kijana amekamatwa usiku. Mama yake hajui yuko jela gani. Kabla simu ya kwanza haijaingia, picha ya mwanawe imeshasambaa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, imevuka bahari, na shangazi wa Kigoma au Bukavu anapiga simu akilia. Kijana hajasimama mbele ya hakimu, lakini kule nyumbani ameshaitwa mwizi.

Tuelewane jambo moja kabla ya mengine yote. Katika nchi hii serikali hutangaza mwanzo wa kesi, na mwisho wake hubaki kwenye jalada kwa karani wa mahakama. Picha hutoka siku ya kwanza. Hukumu, kama ipo, huja baada ya miezi au miaka, tena bila picha. Kesi ikifutwa, hakuna ofisi inayobandika tangazo kwamba fulani ameachiwa na hana deni na mtu. Anayeishia kwenye picha anajua kitu kimoja tu: mtu huyu alikamatwa.

Mtu akikamatwa hapa hupelekwa kuandikishwa. Wanachukua jina, tarehe ya kuzaliwa, alama za vidole, wanaorodhesha vitu vyake, wanampiga picha ya uso na mara nyingine ya ubavu. Aliyeweka kanuni za picha hizi ni Alphonse Bertillon, karani wa polisi wa Paris, katika miaka ya 1880, ili mtu aliyebadilisha jina aweze kutambulika akikamatwa tena. Kazi ya picha ilikuwa utambuzi. Haisemi chochote kuhusu kosa, na bado hivyo ndivyo ilivyo leo, hata kama kamera ni ya kidijitali na picha inafika mtandaoni kabla ya alfajiri.

Sasa, unamtafutaje? Jela ya kaunti iko chini ya sherifu, na sherifu huchaguliwa kwa kura. Texas ina kaunti 254, na kila sherifu ana utaratibu wake. Familia nyingi hupoteza usiku mzima kwa sababu wanatafuta kwenye kaunti anayoishi mtu. Mtafute kwenye kaunti alikokamatwa. Kijana anaishi Fort Worth, ambayo ni kaunti ya Tarrant, lakini polisi walimsimamisha Irving: Irving iko kaunti ya Dallas. Tena, miji mingi ina mahabusu yake ndogo, na mtu anaweza kukaa huko saa kadhaa kabla ya kuhamishiwa jela ya kaunti. Jina lake lisipoonekana saa nane za usiku, usidhani amepotea. Piga simu polisi wa mji ule, kisha angalia tena asubuhi.

Kwenye tovuti ya sherifu utakuta sehemu ya kutafuta wafungwa. Baadhi huweka picha, baadhi huweka maandishi tu: jina, tarehe ya kuingia, shitaka, kiasi cha dhamana. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu majina yetu yanatusumbua kuliko kitu kingine chochote. Mtu anaitwa Juma Hamisi Bakari. Afisa ameandika Hamisi kama jina la ukoo, au ameunganisha mawili, au ameandika Bakary kwa y. Mkongo ana jina la ubatizo, jina la mababu na jina la baba, na kwenye kitambulisho yamepangwa kinyume na anavyoitwa nyumbani. Jaribu kila jina kwenye nafasi ya ukoo. Jaribu herufi tatu au nne za mwanzo peke yake. Na wengi wetu tuliokuja kama wakimbizi tumeandikiwa tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa, kwa hiyo si ajabu kukuta watu wawili wenye jina linalofanana na tarehe ileile. Kabla hujasema "ni yeye", linganisha mwaka, linganisha mji, na ukiweza piga simu jela uulize namba yake ya uandikishaji. Kumpachika mtu asiyehusika kesi ya mwenzake ni dhuluma, na katika jumuiya yenye akina Hamisi wengi ni rahisi sana kufanya hivyo.

Kuna huduma ya kutoa taarifa za wafungwa inaitwa VINE. Ilianzishwa Kentucky mwaka 1994, baada ya binti mmoja wa Louisville kuuawa na mwanamume ambaye binti huyo alikuwa amemshitaki. Mwanamume huyo alikuwa ametoka kwa dhamana na hakuna aliyemwarifu binti yule. Lengo lake ni kuwalinda waliodhurika, lakini familia yoyote inaweza kujiandikisha bila malipo ikapata ujumbe mtu akihamishwa au akiachiwa. Mama aliyepigwa na mumewe anaihitaji, na mama anayemtafuta mwanawe anaihitaji pia.

Kama mtu yuko mikononi mwa serikali kuu, usitegemee picha. Magereza ya serikali kuu yana ukurasa wa kutafuta kwa jina, hauna picha. ICE, yaani idara ya uhamiaji inayokamata na kuzuia watu, wana ukurasa wao, nao hauna picha: unataka namba ya uhamiaji, ile inayoanza na A, pamoja na nchi ya kuzaliwa, au jina kamili na nchi ya kuzaliwa, na hapo jina lazima liandikwe jinsi wao walivyoliandika. Kwa hiyo leo ukirudi nyumbani andika namba ya A ya kila mtu wa nyumba yako kwenye karatasi, iweke mahali ambapo mwingine anaweza kuipata wakati wewe ndiye uliyekamatwa.

Mnaniuliza mara nyingi, je, ni halali? Wanaruhusiwaje kuionesha sura ya mtoto wangu? Jibu linategemea umesimama kwenye jimbo gani. Serikali kuu ina sheria ya uhuru wa kupata habari ambayo Rais Lyndon Johnson alitia saini tarehe 4 Julai 1966. Sheria ile inahusu idara za serikali kuu peke yake, haimgusi sherifu wa Tarrant wala polisi wa Irving. Hata huko kwenye serikali kuu mahakama zimebadilika. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa inayosikiliza kesi za Michigan, Ohio, Kentucky na Tennessee iliamua, katika kesi ya gazeti la Detroit Free Press, kwamba picha za washitakiwa zitolewe. Gazeti lilirudi tena miaka ya baadaye likidai picha za polisi wanne wa Michigan walioshitakiwa kwa rushwa na dawa za kulevya. Mwaka 2016 majaji wote wa mahakama ileile waliketi pamoja, wakaugeuza uamuzi wao wenyewe kwa kura 9 dhidi ya 7. Kilichobadilika kati ya miaka hiyo ni intaneti. Picha ya gazeti la 1996 ilitupwa na gazeti. Picha ya leo inabaki, na kila mwajiri na kila mchumba anaweza kuiona.

Kwenye majimbo, kila moja lina lake. Florida iko wazi mno, karibu kila picha ni ya umma. New York tangu mwaka 2019 huzizuia, isipokuwa polisi wawe na sababu ya kikazi ya kuzitoa. Utah iliamua mwaka 2021 kwamba picha isitolewe mpaka mtu ahukumiwe. California mwaka huohuo iliwakataza polisi na masherifu kuweka kwenye mitandao ya kijamii picha za watu waliokamatwa kwa makosa yasiyo ya ukatili. Georgia, tangu 2014, imewakataza wanaokamata wasiweke picha za kuandikishwa kwenye tovuti zao. Kwa hiyo ndugu yako wa Atlanta akikuambia "kwetu hawaweki", hadanganyi, na wala sherifu wa huku kwetu havunji sheria ya Georgia.

Texas je? Tuna sheria ya habari za umma iliyopitishwa mwaka 1973, baada ya kashfa kubwa ya rushwa iliyowaangusha wanasiasa wa jimbo. Sheria hii inasema habari za msingi kuhusu mtu aliyekamatwa, kukamatwa kwenyewe na kosa analodaiwa lazima zitolewe. Polisi hawawezi kuficha kwamba wamemkamata mtu. Ukiandika barua au baruapepe ya kuomba habari, huhitaji kueleza sababu. Ofisi ikitaka kukunyima kitu kwa kusema sheria inakiruhusu kufichwa, kwa kawaida inatakiwa ndani ya siku 10 za kazi impelekee mwanasheria mkuu wa jimbo aamue. Andika kwa adabu, taja jina, tarehe na mahali, na tunza nakala ya ulichotuma.

Nataka kusema wazi mimi ninasimama wapi, kwa sababu baadhi yenu mngependa orodha yote ifungwe. Mimi sitaki. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo mtu huchukuliwa na gari lisilo na namba, na familia huzunguka kituo hadi kituo ikijibiwa "hayupo hapa". Orodha ya wazi ya jela, yenye jina, tarehe na shitaka, ni ulinzi mkubwa kwa maskini na kwa mgeni. Serikali inayolazimika kuandika nani imemkamata haiwezi kumpoteza kirahisi. Lakini jina linatosha kumpata mtu. Picha haiongezi kitu katika ulinzi huo. Inaongeza aibu, na inaiongeza kwa mtu ambaye sheria bado inamwita asiye na hatia. Naona Utah wamepata mpaka sahihi: jina liwe wazi tangu mwanzo, sura isubiri hukumu. Mwakilishi wa jimbo hapa Texas hupokea barua za wapigakura, na waliokwisha kuwa raia humu ndani mnaweza kumwandikia.

Kwa wazazi wa vijana nina neno zito. Texas humhesabu kijana wa miaka 17 kuwa mtu mzima anapokamatwa kwa jinai. Rekodi za watoto chini ya umri huo ni siri, picha zao hazitakiwi kutoka. Siku anapotimiza 17, hata kama bado yuko shule ya sekondari, hata kama hawezi kupiga kura wala kununua sigara, anaandikishwa kwenye jela ya watu wazima na picha yake inaweza kwenda mtandaoni kama ya baba yake. Waambieni. Nimekutana na wazazi waliokuja mahakamani wakiamini kwamba "ni mtoto, watamwonya tu".

Halafu kuna wafanyabiashara. Kampuni binafsi huchota picha kutoka kwenye tovuti za masherifu, huziweka kwenye tovuti zao, na zamani zilikuwa zikidai pesa waziwazi ili kuziondoa. Mwaka 2018 mwanasheria mkuu wa California aliwashitaki watu wanne kwa kuendesha tovuti moja ya aina hii. Mashitaka yalidai kwamba ndani ya miaka mitatu walikusanya zaidi ya dola milioni 2 kutoka kwa watu wapatao 5,700 kote nchini. Texas ilipitisha sheria mwaka 2013 inayokataza biashara ya namna hii kumtoza mtu pesa ili kuondoa au kusahihisha habari za jinai, na ukipinga usahihi wake kwa maandishi wanatakiwa kuchunguza. Kwa hiyo usilipe. Ukilipa tovuti moja, picha hutokea nyingine. Piga picha ya ukurasa wenyewe, andika barua ya kudai, na ukipuuzwa peleka malalamiko kwa mwanasheria mkuu wa Texas. Google nao wana fomu ya kuomba matokeo ya tovuti zinazotoza pesa za kuondoa habari yasionekane kwenye utafutaji. Picha itabaki kule ilipo, lakini anayeandika jina lako hataipata kwa urahisi.

Matapeli wengine husoma orodha ya jela usiku, wakatafuta namba ya familia, wakapiga simu wakijifanya maafisa: "Mwanao ataachiwa sasa hivi, tuma dola elfu mbili kwa kadi za zawadi." Ofisi ya sherifu haipokei dhamana kwa kadi za zawadi. Kata simu, piga mwenyewe namba ya jela.

Na kabla hujalipa dhamana ya mtu asiye raia, uliza kwanza kama ICE wameweka ombi la kumshikilia. Alama za vidole zinazochukuliwa jela huenda mpaka serikali kuu, na jela ya Tarrant ina makubaliano ya ushirikiano na uhamiaji. Familia imelipa mdhamini asilimia 10 ya dhamana, pesa ambayo hairudi, mtu ametoka mlango mmoja akachukuliwa mlango wa pili. Mwulize wakili wa uhamiaji kabla ya kumtafuta mdhamini. Tangu Januari 2025 kuna sheria ya Laken Riley: mtu aliye nchini bila kibali akikamatwa au kushitakiwa kwa wizi, hata wa dukani, uhamiaji unalazimika kumzuia. Angalieni vizuri, sheria ile haisubiri hukumu. Kukamatwa kunatosha. Ndiyo maana nasema jambo hili la mwanzo na mwisho wa kesi si la heshima ya ukoo peke yake.

Kuhusu ubalozi: Mtanzania akikamatwa, polisi wa Marekani wanatakiwa kuuarifu ubalozi wake hata kama hakuomba. Mkenya na Mkongo huulizwa kama wanataka. Mkimbizi au anayeomba hifadhi aongee na wakili kwanza kabla ya kukubali, kwa sababu huenda serikali ile ndiyo aliyoikimbia.

Tufike kwenye mwisho wa kesi, ambako watu wengi hawafiki. Nenda kwa karani wa mahakama, au kwenye tovuti yake, utafute namba ya kesi. Hapo ndipo utaona kama mwendesha mashitaka alifungua kesi kweli, kama ilifutwa, kama mtu aliachiwa. Shitaka lililo chini ya picha ni lile aliloandika polisi usiku ule. Mwendesha mashitaka anaweza kulibadilisha, kulipunguza, au kulitupa.

Ukiachiwa na mahakama, au kesi ikikosa kufunguliwa, Texas inakuruhusu kuomba amri ya kufuta rekodi ya kukamatwa. Kama hukushitakiwa kabisa kuna muda wa kusubiri: siku 180 kwa makosa madogo ya daraja C, mwaka 1 kwa daraja A na B, miaka 3 kwa makosa makubwa. Amri ikitoka, polisi, sherifu na mahakama huondoa rekodi zao, na picha ikiwemo. Haijifuti yenyewe. Lazima uombe, na wengi hawaombi kwa sababu wanadhani kufutwa kwa kesi kunafuta na rekodi.

Jihadharini na mpango wa kuahirisha hukumu. Mtu anakubali kosa, jaji haandiki hatia, anakaa chini ya uangalizi, akimaliza salama kesi inafungwa. Kwa Texas anaweza kusema hana hatia. Kwa uhamiaji, kukubali kosa pamoja na masharti ya jaji ni hatia kamili. Tangu kesi ya Padilla mwaka 2010, Mahakama ya Juu ya Marekani inamtaka wakili wa jinai amweleze mteja wake kama kukubali kosa kunaweza kumfukuzisha nchini. Mwulize wakili wako swali hilo kwa mdomo wako, mbele ya mkalimani, kabla hujasema ndiyo.

Kazini, mwajiri anayetumia kampuni ya kuchunguza historia ya mtu lazima apate idhini yako kwa maandishi, na kabla ya kukukataa kwa sababu ya ripoti ile lazima akupe nakala yake. Isome. Kama imeandika kukamatwa bila kuandika kwamba kesi ilifutwa, au imekuchanganya na mtu mwingine wa tarehe 1 Januari, una haki ya kuipinga.

La mwisho linawahusu wote watakaoomba uraia. Fomu ya N-400 inauliza kama umewahi kukamatwa, na unatakiwa kujibu hata kama rekodi ilifutwa. Ukiandika hapana, na alama za vidole zikasema ndiyo, tatizo lako sasa ni uongo, na ni kubwa kuliko lile la kwanza. Kwa hiyo kabla wakili hajapeleka ombi la kufuta rekodi, nenda kwa karani uchukue nakala za kesi zenye muhuri, hasa ile karatasi inayoonesha kesi iliishaje. Chukua zaidi ya moja. Rekodi ikishafutwa, karani hataweza kukupa tena, na ofisa wa uhamiaji ataitaka mezani. Iweke pamoja na cheti cha kuzaliwa na karatasi za ukimbizi, na mwoneshe mkeo au mumeo ilipo.

Maswali sasa. Tuanze na akina mama waliokaa mbele.